Mitishamba wakati wa kunyonyesha: namna ya kupima kabla ya kunywa

Mzazi anaporudi nyumbani na kichanga, jiko huwa limeshaanza kazi. Pwani kuna uji wa pilipili manga na supu ya pweza, Kilimanjaro kuna mtori, Wakikuyu huchemsha njahi, na karibu kila mahali yupo bibi au jirani anayekuja na kifuko cha uwatu, unga wa mlonge au chupa ya mizizi iliyochemshwa. Vingi kati ya hivyo ni chakula kizuri. Vichache vinaweza kumdhuru mtoto, na ugumu ni kwamba vyote huletwa kwa upendo uleule, mara nyingi na mikono ileile.

Jina la mmea peke yake halikuambii kama ni salama. Majani ya mlonge ni mboga, lakini mizizi yake ina sumu. Kungumanga kidogo katika maandazi haina neno, ila vijiko vitatu vya unga wake humlevya mtu mzima. Kwa hiyo kabla ya kunywa chochote tafuta majibu ya maswali manne: ni sehemu gani ya mmea, imeandaliwaje, ni kiasi gani kwa siku, na mtoto ana umri gani. Ukikosa jibu la swali hata moja, weka kikombe chini kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lipo

Akina mama wengi hukimbilia mitishamba kwa hofu kwamba maziwa hayatoshi. Matiti kuwa laini baada ya wiki chache si dalili ya maziwa kupungua, wala mtoto kulia sana jioni, wala kukamua ukapata kidogo. Angalia haya:

- Kuanzia siku ya 5, mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo hauna rangi nzito.
- Uzito hushuka kidogo siku za mwanzo, kisha mtoto anarudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya 2.
- Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, anaongezeka takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Kadi ya kliniki itakuonyesha.

Kama yote yako sawa, maziwa yanatosha na huhitaji dawa. Kama hayako sawa, anza na kunyonyesha kwenyewe. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakibaki ndani, mwili hupunguza kuyatengeneza, na hakuna jani linaloweza kuikwepa kanuni hiyo. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, kwa sababu homoni ya prolaktini huwa juu zaidi usiku. Angalia mtoto anavyoshika titi: mdomo umepanuka, kidevu kinagusa titi, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia maumivu makali, mwachishe kwa kidole pembeni mwa mdomo, umshikishe upya. Fanya hivyo siku tatu mfululizo huku ukipata msaada wa mkunga au muuguzi.

Zipo pia sababu ambazo mitishamba haizigusi kabisa: kipande cha kondo kilichobaki tumboni, damu nyingi kupotea wakati wa kujifungua, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, mtoto mwenye ulimi uliofungwa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au dawa ya mafua yenye pseudoefedrini, ambayo hupunguza maziwa. Mama anayepoteza wiki tatu akinywa chai ya mbegu wakati kondo limebaki ndani yuko hatarini, yeye na mtoto wake.

Hatua ya 2: Elewa kinavyomfikia mtoto

Kitu unachomeza huingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu kiasi fulani huvuka kwenda kwenye maziwa. Vinavyovuka kwa urahisi ni vyenye chembe ndogo na vinavyoyeyuka katika mafuta, kwa kuwa maziwa ya mama yana mafuta. Ndiyo sababu mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mmea yanahitaji tahadhari kuliko majani yake yaliyopikwa.

Umri wa mtoto una uzito mkubwa hapa. Ini na figo za kichanga bado hazijakomaa, kwa hiyo kitu ambacho mwili wako hukitoa kwa nusu siku kinaweza kukaa kwake siku kadhaa na kujilimbikiza. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa njiti na walio chini ya miezi miwili. Mtoto wa miezi minane anayekula uji na ndizi hunyonya kidogo zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, na mwili wake umekomaa, hivyo hatari hupungua.

Wengine hushauri unywe dawa mara tu baada ya kunyonyesha ili ipungue kabla ya zamu inayofuata. Kwa baadhi ya vidonge vya hospitali mbinu hiyo inasaidia, kwa sababu muda wa dawa kupanda na kushuka unajulikana. Mzizi uliochemshwa una viambato vingi, kila kimoja na muda wake, kwa hiyo usiitegemee.

Hatua ya 3: Tafuta mmea wako hapa

*Uwatu.* Huu ndio unaosifiwa kuliko yote. Tafiti zake ni ndogo na matokeo yanapingana, hivyo usijilaumu kama kwako haufanyi kazi. Kiasi cha wastani ni kijiko kimoja cha chai cha mbegu, kilichosawazishwa, karibu gramu 4 kwa siku. Loweka usiku kucha, mwaga maji yake ili uchungu upungue, kisha chemsha mbegu ndani ya uji. Usizidishe gramu 6. Ukizidisha, wewe na mtoto mtajaa gesi na kuharisha.

Usitumie uwatu kama una pumu, una mzio wa karanga au dengu (ni jamii moja), unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, au unahisi umeshika mimba nyingine, kwani huweza kuchochea mfuko wa uzazi. Ute wake hushikilia dawa nyingine tumboni, kwa hiyo achanisha kwa saa mbili. Na hili wengi hawaambiwi: jasho na mkojo wako, hata wa mtoto, vitanukia kama sukari iliyoungua. Upo ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtoto anuke vivyo hivyo. Mweleze daktari kwamba unakula uwatu, asije akahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

*Mlonge.* Majani mabichi yaliyopikwa kama mchicha ni chakula; kula bila woga. Unga wa majani: kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukinyunyiza juu ya chakula kilichoiva. Tafiti za maziwa zilitumia vidonge vya takriban miligramu 250 hadi 350 mara mbili kwa siku, kwa hiyo kijiko kimoja tayari ni zaidi ya hapo. Kujaza vijiko vitatu huleta kuhara. Majani huweza kushusha sukari na presha. Mizizi na magome usiyaguse, na mbegu usizitumie kama dawa.

*Shamari (fennel) na urukususi (licorice, mzizi mtamu).* Ponda kijiko kimoja cha chai cha shamari, mimina kikombe cha maji ya moto, funika dakika 10, chuja. Kikombe kimoja au viwili kwa siku, si zaidi ya wiki mbili. Mwaka 1994 madaktari nchini Italia waliandika kuhusu vichanga wawili waliolegea, wakalala mno na kunyonya kwa udhaifu. Mama zao walikuwa wakinywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya mchanganyiko wenye shamari, anisi na urukususi. Watoto walipata nafuu chai ilipoachwa. Chai hizi ni nyepesi na tamu, na ndivyo mtu anavyomaliza birika bila kujijua. Urukususi una tatizo jingine: hupandisha presha na kushusha potasiamu. Aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito asiutumie kabisa.

*Viungo vya jikoni.* Tangawizi, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano kwa kiasi cha mchuzi au chai havina shida. Katika uji wa pilipili manga, nusu kijiko cha chai kwa lita moja inatosha. Ukizidisha utapata kiungulia, na hakuna ushahidi kwamba ukali ndio unaoleta maziwa. Yanayosaidia kwenye uji ule ni maji na nguvu ya nafaka. Kitunguu saumu hubadilisha harufu ya maziwa, na utafiti wa mwaka 1991 uliona watoto wakikaa kwenye titi muda mrefu zaidi, kwa hiyo wasikutishe kwamba mtoto atagoma.

Tahadhari huanza kiungo kinapogeuzwa dawa. Manjano yaliyokolezwa kwenye vidonge yamehusishwa na madhara ya ini. Mdalasini mnene wa kawaida sokoni una kumarini, hivyo kijiko kizima kila siku kwa wiki nyingi si busara. Kungumanga huleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuona mauzauza kuanzia takriban gramu 5. Kijiko cha chai cha unga wake kina gramu 2 hivi. Baki na kidogo cha kunusisha chakula.

*Habasoda.* Punje chache kwenye mkate, sawa. Mafuta yake kwa kijiko asubuhi na jioni, acha: hushusha sukari na presha, na usalama wake kwa mtoto anayenyonya haujathibitishwa.

*Nanaa.* Jani moja au mawili kwenye chai hayadhuru, ila chai nzito ya mara kwa mara hutumiwa na wanaotaka kukausha maziwa. Ukitaka maziwa mengi, iache. Mafuta ya nanaa, kafuri au menthol usijipake kifuani wala puani pa mtoto. Mvuke wake unaweza kukaza koo la kichanga akashindwa kupumua.

*Shubiri na sanamaki.* Utomvu wa njano wa mshubiri ni dawa inayoharisha, na haumfai mama anayenyonyesha. Ukipaka jeli ya mshubiri kwenye chuchu iliyochanika, osha kwa maji kabla ya kunyonyesha. Uchungu wake ndio huohuo unaotumiwa kumwachisha mtoto ziwa, na unaweza kumwachisha kabla hujataka. Sanamaki iliyopimwa kiwandani hutumika kwa muda mfupi kwa ushauri wa mfamasia; majani ya kuchemsha nyumbani hayana kipimo. Choo kikiwa kigumu, anza na maji, papai na mboga za majani.

*Mwarobaini.* Usinywe. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege, tindikali kuzidi kwenye damu na ini kuharibika, wakati mwingine kwa kiasi kidogo cha mililita chache. Chupa yake isikae mahali inapoweza kuchanganywa na dawa ya mtoto.

*Pakanga (artemisia).* Chai yake haitibu malaria kwa uhakika, kwani dawa iliyomo hubadilika kila mavuno na haitoshi kumaliza vimelea. Mama anayenyonyesha mwenye homa apimwe, apewe dawa mseto.

*Miraa, au mirungi.* Kichangamshi chake kimepatikana kwenye maziwa ya mama wanaotafuna na kwenye mkojo wa mtoto. Hakuna kiasi salama cha kupendekeza.

*Mabaki, au komfri.* Mmea huu wa majani mapana yenye vinyweleo hulimwa Kenya, na wengine huula kama mboga. Una sumu inayoziba mishipa midogo ya ini, na kupika hakuiondoi. Usiule, wala usiupake kwenye matiti.

Neno kuhusu ngozi, kwa kuwa huku pwani haliepukiki: hina safi mikononi mwa mama haina tatizo, lakini kichanga asipakwe. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika maeneo ya malaria, wanaweza kuvunjika seli za damu na kuwa na unjano mkali. Moshi wa udi nao usifukizwe chumbani alimolala.

Hatua ya 4: Angalia afya yako

Usianze mtishamba wowote wa dawa bila kuuliza kliniki kama mtoto alizaliwa njiti au yuko chini ya miezi miwili, kama una presha, kisukari, kifafa, ugonjwa wa ini au wa figo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mama anayetumia ARV anahitaji sentensi zake mwenyewe. Baadhi ya mimea hulifanya ini liharakishe kuvunja dawa. Kiwango cha dawa kikishuka, virusi hupanda, na vikipanda vinaweza kupita kwenye maziwa. Udongo wa kula, chuma na kalsiamu navyo hushika dolutegravir, mojawapo ya ARV, tumboni: vidonge vya chuma au kalsiamu unywe pamoja na ARV wakati wa chakula, au unywe ARV saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Mweleze muuguzi ukweli kuhusu unachokunywa. Hakuna sababu ya kuona haya, na yeye hawezi kukukinga na asichokijua.

Hatua ya 5: Nunua na andaa kwa usafi

Jina moja hubeba mimea tofauti kutoka wilaya moja hadi nyingine. Omba kuona mmea mzima au tawi lenye jani na ua. Mzizi uliokatwakatwa hauwezi kutambuliwa na yeyote, muuzaji akiwemo. Unga uliochanganywa "mimea saba" usinunue: mtoto akidhurika, hutajua ni upi kati ya saba.

Bidhaa ya kopo iwe na jina la mmea, sehemu iliyotumika, kipimo, tarehe na namba ya usajili. Tanzania uliza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililopo chini ya sheria ya mwaka 2002. Kenya uliza Bodi ya Famasia na Sumu. Usajili ni mwanzo mzuri, ila haumaanishi bidhaa ilijaribiwa kwa wanaonyonyesha. Kaa mbali na dawa ya asili inayoponya maumivu au pumu ndani ya saa moja. Nyingine huwa zimetiwa dawa za hospitali kisirisiri, hasa steroidi. Dawa iliyolowekwa kwenye pombe kali nayo si ya kipindi hiki.

Ukikausha majani mwenyewe, osha, tandaza kivulini penye hewa siku 3 hadi 5 hadi yavunjike mkononi, hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, andika tarehe. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo, tupa chote, usichambue. Sumukuvu haionekani kwa macho, haifi kwa kuchemsha, na hupita kwenye maziwa.

Hatua ya 6: Anza kimoja, kidogo, asubuhi

Chagua mmea mmoja tu. Anza na nusu ya kipimo kwa siku 3, tena asubuhi, ili dalili ikitokea uione mchana na zahanati iwe wazi. Andika kwenye daftari: tarehe, kiasi, mara za kunyonya, nepi zilizolowa, choo, usingizi. Siku ya 4 panda hadi kipimo kamili. Baada ya siku 7 hadi 10, mpime mtoto. Kama uzito na nepi havijabadilika, acha. Kuongeza dozi hakutasaidia. Kama umefanikiwa, punguza pole pole uone kama maziwa yanajiendesha yenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa: mama anakunywa kidogo, na bibi anampa mtoto kijiko kimoja cha dawa ileile "ya chango" ili tumbo litulie. Hadi miezi 6 mtoto hahitaji chochote ila maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa na mtaalamu, hata maji hayahitaji. Kijiko hicho humpa kichanga dozi kubwa kuliko anayoipata kupitia maziwa ya siku nzima, hujaza tumbo asinyonye, na huweza kuingia kwenye mapafu. Zungumza na wazee kwa heshima mapema, kabla ya kilio cha usiku wa manane. Wakwe husikia vizuri zaidi kutoka kwa mkunga, kwa hiyo nenda nao kliniki.

Hatua ya 7: Dalili zikitokea

Acha mtishamba na upige simu kliniki kama mtoto ana upele, anaharisha kuliko kawaida, amejaa gesi na hatulii, au hapati usingizi.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, kama:

- ni vigumu kumwamsha, au ananyonya kwa udhaifu, au amekataa titi;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (50 au zaidi kama amefikisha miezi miwili), au mbavu zinaingia ndani;
- ana degedege, au amelegea mwili mzima;
- macho, viganja au nyayo zimekuwa za njano;
- anatapika kijani, au choo kina damu;
- utosi umebonyea, au hajakojoa kwa saa 6 hadi 8.

Beba mabaki ya dawa, pakiti yake na tawi la mmea kama lipo, pamoja na daftari lako. Usimtapishe mtoto, usimpe maziwa ya ng'ombe wala mkaa wa nyumbani kuvunja sumu. Njiani endelea kumnyonyesha kama ameamka na anaweza kumeza, isipokuwa umeambiwa na mtaalamu usimame. Ukiambiwa usimame kwa muda, kamua kila baada ya saa 2 hadi 3 na umwage, ili mtoto akirudi kwenye titi ayakute maziwa.